Mwongozo kamili wa kichujio cha mchanga: kwa nini chako hakisafishi maji, na namna ya kukijenga upya

Malalamiko ninayoletewa kuhusu kichujio cha mchanga cha nyumbani ni matatu, na yanajirudia. Wa kwanza anasema maji yanatoka kwa kasi nzuri na ni maangavu, lakini maabara imekuta vimelea vya kinyesi. Wa pili anasema yanadondoka tone tone, ndoo haijai mpaka usiku. Wa tatu kichujio kilimfaa kwa majuma kadhaa, kisha maji yakaanza kunuka.

Ukiwauliza walichofanya, unakuta wote wanakichukulia kichujio kama chujio la chai: maji yanapita, takataka zinabaki. Sivyo kinavyofanya kazi. Katika sentimita moja au mbili za juu za mchanga huota utando wa viumbe wadogo wanaokula vimelea vya maradhi. Utando huo unahitaji unyevu, hewa na chakula. Chini yake, vimelea vingine hunasa kwenye chembe za mchanga, na vilivyobaki hufa kwa kukosa hewa na chakula wakati maji yamelala humo. Sehemu kubwa ya usafishaji hufanyika maji yakiwa yametulia. Likumbuke hilo, maana karibu kila onyo hapa chini limetoka hapo.

## Kabla ya kununua chochote: yatazame maji yako

Kichujio hiki hakiondoi chumvi. Kama kisima chako kiko karibu na bahari na maji yana ladha ya chumvi, yatatoka na chumvi ileile. Hakiondoi floraidi wala nitrati, na hakifai kutegemewa kwa maji yenye dawa za mashambani au mafuta. Kazi yake ni vimelea na tope.

Na tope lenyewe lina kikomo. Chukua chupa angavu ya lita 2, ijaze maji yako, isimamishe juu ya karatasi yenye herufi kubwa nyeusi, kisha chungulia kupitia mdomo wa chupa. Ukiziona herufi, endelea. Usipoziona, yaache maji yatuame kwenye ndoo usiku kucha na umimine yale ya juu tu. Ukipuuza hili, kichujio kitaziba kila baada ya siku chache, nawe utalaumu mchanga.

## Vifaa

Vipimo vya hapa ni vya pipa la mviringo lenye upana wa ndani wa sentimita 30. La kwako likiwa na upana mwingine, vimo vya tabaka havibadiliki. Kinachobadilika ni ujazo wa mchanga na kasi ya maji, na hesabu ya kasi iko kwenye hatua ya 5.

- Pipa gumu, lisilowahi kubeba kemikali, lenye kimo cha sentimita 95 au zaidi. Plastiki laini inayobonyea haifai: ukuta ukicheza, maji hupenya pembeni mwa mchanga badala ya kupita ndani yake. Sanduku la zege ni imara zaidi, ila ni zito.
- Bomba la PVC la nusu inchi, takriban mita moja na nusu, pamoja na viwiko na kiungio cha tangi chenye mipira ya kuzuia uvujaji.
- Mchanga wa mawe yaliyosagwa pamoja na kokoto zake. Ukishachekechwa upate angalau lita 50 za mchanga laini na lita 5 za kila saizi ya kokoto.
- Machekeche matatu: la milimita 12, la milimita 6 na la milimita 0.7.
- Sahani ya plastiki ngumu ya kutawanya maji, na kifuniko cha pipa.
- Ndoo mbili, jagi lenye alama ya lita moja, saa yenye sekunde, rula ndefu, na gilasi au chupa angavu yenye mdomo mpana.
- Chombo cha kupokelea maji safi: chenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba lake la kufungulia.

Kuhusu mchanga sibembelezi. Wa ufukweni una chumvi, na mara nyingi una vipande vya kombe vinavyoyeyuka polepole na kubadilisha maji. Wa mtoni huwa umebeba mabaki ya majani na kinyesi cha mifugo. Ukilazimika kutumia wa mtoni, chukua ule wa juu mtoni, mbali na watu na wanyama, uoshe na uuanike juani kwa siku kadhaa. Wa kusagwa kwenye machimbo ya mawe ndio bora: una chembe za saizi nyingi na haujawahi kuishi na kitu.

## Hatua ya 1: Pipa na bomba la kutolea

Toboa pipa karibu kabisa na sakafu yake na ufunge kiungio. Kwa ndani, laza kipande kifupi cha bomba sakafuni, kizibwe mwisho, kikatwe michirizi myembamba kwa msumeno. Michirizi iwe myembamba kuliko kokoto zitakazokizunguka. Kwa nje, bomba lipande wima ukutani mpaka sentimita 70 kutoka sakafu ya ndani, ligeuke kwa viwiko viwili, kisha mdomo utazame chini kwa sentimita chache tu.

Kimo hicho cha 70 ndicho kitakachoamua maji yatasimama wapi juu ya mchanga, kwa hiyo usikikadirie kwa macho. Jaza pipa maji matupu, bila mchanga, uyaache yatoke mpaka yakome yenyewe. Weka alama ya kudumu ndani ya pipa pale yalipokomea. Kuanzia sasa alama hiyo ndiyo unayoitegemea, si rula.

Maji yakiendelea kushuka chini ya kiwiko cha juu, bomba linanyonya. Fupisha mdomo, au toboa tundu dogo juu ya kiwiko liingize hewa. Kisha ziba mdomo, jaza tena pipa na uliache siku nzima uone kama linavuja. Uvujaji wa leo unazibwa kwa dakika tano. Ukiugundua baada ya kujaza mchanga, utamwaga kila kitu.

Onyo: usifunge koki kwenye mdomo wa bomba hili, na usiuunganishie mpira wa kuteremsha maji ndooni. Koki ikifungwa, maji mengi husimama juu ya mchanga, hewa haifiki kwenye utando, na utando hufa. Ndipo harufu inapoanzia. Mpira nao hunyonya maji mpaka mchanga ukauke. Koki iwe kwenye chombo cha kuhifadhia tu.

## Hatua ya 2: Kuchekecha

Anika mchanga mpaka ukauke kabisa, maana mbichi huziba chekeche. Anza na la milimita 12, kisha 6, kisha 0.7. Utabaki na marundo manne:

1. Kilichobaki juu ya 12: kitupe.
2. Kati ya 12 na 6: kokoto za chini, za kupitisha maji.
3. Kati ya 6 na 0.7: kokoto ndogo za kuzuia mchanga usishuke.
4. Kilichopita kwenye 0.7: mchanga wa kuchujia.

Nimeona watu wakiunganisha rundo la pili na la tatu ili kuokoa muda. Matokeo yake, mchanga hupenya kokoto, hujaa kwenye bomba, na kichujio kinatema mchanga kwa miezi.

## Hatua ya 3: Kuosha mchanga

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, nami nilianguka hapa. Kichujio changu cha kwanza niliuosha mchanga wake asubuhi nzima, mpaka maji ya ndoo yakawa kama ya kunywa. Nilijisifu. Nilipopima, lita moja ilitoka chini ya dakika moja. Nilikuwa nimemwaga chembe zote ndogo, zile zinazobana njia na kuyachelewesha maji, nikabakiwa na chembe kubwa zenye mapengo ambayo bakteria anapita bila kupiga hodi.

Kokoto za rundo la pili na la tatu zioshe mpaka maji yawe maangavu kabisa. Huko ruksa kuzidisha.

Mchanga wa kuchujia ni habari nyingine. Tia ndooni kiasi kidogo, kina cha vidole vinne. Mimina maji yazidi mchanga kwa kiganja. Zungusha mkono kwa nguvu mara kumi, ukikwangua mpaka chini, na hapohapo mwaga maji machafu kabla hayajatuama. Hiyo ni mosho mmoja. Rudia.

Baada ya kila mosho wa pili, fanya jaribio la gilasi. Tia mchanga mpaka theluthi ya gilasi, jaza maji, zungusha, iache mezani na uhesabu mpaka nne, kisha tazama kwa ubavu:

- Ukungu mzito, huoni uso wa mchanga ulipo: osha tena.
- Ukungu mwepesi, uso wa mchanga unaonekana kwa taabu kidogo: simama hapo.
- Maji maangavu: umezidisha. Changanya na mchanga ambao haujaoshwa sana, ujaribu tena.

Andika ulihitaji miosho mingapi. Mafungu yote yaliyobaki ya mchanga huohuo yaoshe kwa idadi hiyohiyo. Usiziamini kumbukumbu zako kufikia ndoo ya nane. Mgongo ukiuma, hesabu hupotea.

## Hatua ya 4: Kujaza

Weka pipa mahali litakapokaa maisha yake yote: sakafu tambarare, kivulini, mbali na watoto wanaopenda kupanda vitu. Kichujio kilichojaa hakihamishwi. Ukikisukuma, mchanga hujishindilia na kuachana na kuta.

Tandaza kokoto za rundo la pili, sentimita 5, zifunike bomba la ndani. Juu yake rundo la tatu, sentimita 5 nyingine. Sawazisha kila tabaka kwa mkono.

Sasa jaza maji mpaka nusu ya pipa, *kisha* uanze kumimina mchanga. Wakati wote wa kujaza, maji yawe juu ya mchanga. Ukiutia mkavu na kumwagia maji baadaye, hewa hunaswa katikati na kuziba njia. Baadhi ya vichujio vinavyodondoka tone tone vina tatizo hilo tu. Mimina mfululizo, usiurushe upande mmoja.

Endelea mpaka mchanga uwe na kina cha sentimita 55 hivi. Sawazisha, acha maji yakome kutoka, pima kina cha maji yaliyosimama juu ya mchanga. Unatafuta sentimita 5. Zikiwa 7, ongeza mchanga. Zikiwa 3, chota.

Kwa nini 5? Yakiwa na kina kirefu zaidi, hewa ya juu haiufikii utando. Yakiwa na kina kifupi, maji unayomimina yanauchimba, na siku ya jua kali yanaweza kukauka.

## Hatua ya 5: Kupima kasi

Mimina maji maangavu na uyaache yatoke mpaka yasiwe na vumbi. Lita 40 si ajabu. Kisha jaza pipa mpaka juu, weka jagi kwenye mdomo wa bomba, bonyeza saa. Pima pipa likiwa limejaa tu, kwa sababu wakati huo msukumo ndio mkubwa na kasi ndiyo ya juu.

Kipimo cha juu kinachokubalika ni lita 400 kwa saa kwa kila mita mraba ya uso wa mchanga. Kwa pipa la sentimita 30, uso ni karibu mita mraba 0.07, hivyo ni lita 28 kwa saa. Lita moja ichukue dakika 2 na sekunde chache, au zaidi. Kwa pipa lako, tafuta eneo la uso kwa mita mraba, zidisha kwa 400, gawa kwa 60, upate lita kwa dakika.

Ikitoka haraka zaidi: mchanga umeoshwa kupita kiasi. Hakuna dawa nyingine; toa wa juu na uweke uliooshwa kidogo.

Ikichukua zaidi ya dakika 10: jaribu kwanza kukoroga juu kama ilivyo kwenye hatua ya 10. Isipobadilika, mchanga ulihitaji mosho mmoja au miwili zaidi.

Nikichagua kati ya makosa mawili, nachagua cha polepole. Kinakera, lakini hakidanganyi.

## Hatua ya 6: Bomba, sahani na kifuniko

Bomba la kutolea limeshikwashikwa na mikono yenye vumbi wakati wa ujenzi. Lisafishe kwa maji ya klorini yanayoingizwa kupitia *mdomo wa bomba*, kwa faneli na mpira mfupi: lita moja inatosha. Ondoa mpira, kisha endesha maji nusu saa na uyamwage. Klorini isipite juu ya mchanga, si leo wala siku nyingine yoyote.

Sahani itobolewe matundu ya milimita 3, kila tundu likiwa umbali wa sentimita 2.5 kutoka jingine. Iwekwe juu ya maji yaliyosimama bila kuyagusa. Ikigusa maji inazuia hewa. Ikikosekana, ndoo moja inachimba shimo kwenye mchanga. Funika pipa.

## Hatua ya 7: Kukomaza, siku 30

Maji yatatoka maangavu siku ya kwanza, na hapo watu husherehekea. Utando bado haupo. Huota kwa muda wa hadi siku 30, na huota kwa maji unayomimina, kwa hiyo:

- Mimina kila siku, lita 12 kwa mara moja.
- Tumia chanzo kilekile. Viumbe wa utando huzoea chakula kimoja. Ukiwabadilishia, huchukua siku kadhaa kujipanga upya.
- Maji yanayotoka kipindi hiki yatibiwe kwa klorini au yachemshwe kabla ya kunywewa.

Kasi ikipungua kidogo kidogo katika kipindi hiki, ni dalili njema.

## Hatua ya 8: Matumizi ya kila siku

Mchanga wa pipa letu una ujazo wa karibu lita 39, na mapengo kati ya chembe yanabeba takriban lita 15. Ndiyo maana nasema mimina 12. Maji yote ya ndoo moja yanaenea ndani ya mchanga na kulala humo, na unapomimina ndoo inayofuata yanasukumwa nje. *Maji unayokunywa leo uliyamimina jana.*

Baada ya bomba kukoma, yaache yapumzike angalau saa moja kabla ya kumimina tena. Yasizidi saa 48, la sivyo viumbe wa utando wanaishiwa chakula na hewa. Ukisafiri siku tatu, mwachie jirani kazi ya ndoo moja kwa siku.

Ndoo ya maji machafu isiwe ndiyo ya maji safi. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini ukiingia jikoni mwa watu utashangaa.

Kichujio kilichokomaa huondoa karibu protozoa wote (vimelea wa seli moja, wakubwa kuliko bakteria). Bakteria, kwa vichujio vilivyopimwa majumbani, ni kati ya asilimia 88 na 98 hivi. Virusi ni pungufu zaidi, na hubadilikabadilika. Fanya hesabu: maji yenye bakteria 1,000 wa kinyesi kwa mililita 100, ukiondoa asilimia 98, bado wamebaki 20. Kwa hiyo tia klorini kwenye chombo cha kuhifadhia, subiri nusu saa, na upime kama klorini huru, yaani ile iliyobaki majini ikiwa bado na nguvu, iko kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kwa maji yaliyokwisha kuchujwa dawa kidogo inatosha, na harufu haichukizi.

## Hatua ya 9: Kupima kama kinafanya kazi

Watu wengi huchota chupa ya maji ya kuingia na chupa ya yanayotoka kwa wakati mmoja, wakalinganisha. Wanalinganisha maji ya leo na ya jana. Jana ikiwa ilinyesha na leo kukawa kukavu, majibu yatakuambia kichujio kinaongeza vimelea.

Fanya hivi. Siku ya kwanza, chota sampuli kwenye ndoo ileile unayomimina. Siku ya pili, mimina ndoo nyingine, acha sehemu kubwa ya maji ipite, kisha chota yale ya mwisho yanayotoka bombani. Jozi hiyo ndiyo ya maji yaleyale.

Tumia chupa zilizotakaswa za maabara, usiguse ndani ya kifuniko, ziweke kwenye barafu, zifike ndani ya saa 6 ukiweza, na zisizidi 24. Ukitaka kupima pia maji yenye klorini, omba chupa yenye thayosulfeti ya sodiamu; bila hiyo klorini inaendelea kuua vimelea njiani, nawe unapewa majibu mazuri ya uongo. Omba hesabu ya E. koli, bakteria wa kinyesi, kwa mililita 100. Kwa maji ya kunywa, baada ya klorini, jibu linalotakiwa ni sifuri. Kwa yanayotoka kichujioni kabla ya klorini, tazama yamepungua kwa sehemu gani.

Usipime kabla ya siku 30. Utapoteza fedha na moyo.

## Hatua ya 10: Kikipunguza kasi

Usiondoe mchanga, na usioshe pipa. Fanya hivi tu:

Nawa mikono kwa sabuni. Toa sahani. Kama maji juu ya mchanga ni machache, ongeza lita 4. Kwa kiganja kilicholala, zungusha maji taratibu ukigusa sentimita moja ya juu ya mchanga. Maji yatageuka kahawia. Yachote kwa kikombe uyamwage. Rudia mara mbili au tatu, sawazisha uso, rudisha sahani, mimina ndoo, pima kasi.

Umeujeruhi utando lakini hukuung'oa. Utahitaji siku kadhaa kurudi katika hali yake, na siku hizo usiruke klorini.

Ukilazimika kukoroga kila juma, rudi kwenye jaribio la chupa na herufi, kwani maji yako yana tope kupita kiasi. Kasi isiporudi hata baada ya kukoroga mara tatu mfululizo, vumbi limeshuka chini zaidi: chota sentimita 5 za juu, zioshe mpaka zifaulu jaribio la gilasi, zirudishe ndani ya maji, na uanze kuhesabu siku 30 upya.